Mbwa wako si mkaidi, ni wewe huna ratiba

Wenye vijibwa vya kizungu wana neno moja wanalolipenda kushinda mengine yote: mkaidi. "Huyu wangu ni mkaidi ajabu." Ukiuliza ukaidi wenyewe ni upi, utaambiwa amekojoa kwenye zulia tena, mara ya tatu leo, na asubuhi alitolewa nje. Asubuhi saa ngapi? Saa moja. Na sasa ni saa ngapi? Saa tisa mchana. Yaani mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, kibofu chenyewe kidogo kama ndimu, abane mkojo masaa manane! Wewe mwenyewe uliwahi kupanda basi la Nairobi kuja Kisii ukanywa soda mbili pale Narok. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwangalia dereva kabla hamjafika Bomet.

Nayasema haya nikiwa Itumbe, huku Kisii kwenye majani chai, si Kilimani wala Lavington. Najua swali linalokujia: mtu wa Itumbe anajua nini kuhusu mbwa wa kulala ndani? Kwetu mbwa, au esese kama tunavyomwita kwa Ekegusii, kazi yake inajulikana. Usiku analinda boma, mchana analala chini ya ghala, na hakuna aliyewahi kumfundisha choo kwa sababu dunia nzima ni choo chake. Lakini miaka hii vijibwa vimeanza kufika, na vinaletwa na sisi vijana. Mtu amepanga keja ya chumba kimoja Roysambu au Pipeline, ameona video kwenye TikTok, akanunua Maltese au Japanese Spitz kwa pesa ambazo hatathubutu kumtajia mamake. Baada ya miezi miwili keateka amelalamika, landilodi amepiga simu, zulia linanuka. Hapo ndipo ushago unapokumbukwa. "Nitampeleka kwa nyanya." Mbwa anatiwa kwenye katoni, anapanda basi la usiku, anashukia Kisii mjini, anamalizia safari kwa Probox akiwa miguuni pa abiria wa nne wa kiti cha watu watatu, na maisha yaliyoanzia kwenye zulia yanahamia kwenye matope mekundu.

Hilo ndilo linalonikera. Neno "mkaidi" linatamkwa kama mzaha, lakini kazi yake ni ya hakimu. Mbwa akishaitwa hivyo, mwenyewe haulizwi chochote tena.

Mmoja wa waliohukumiwa hivyo yuko hapa kwetu. Ni Shih Tzu wa binamu yangu, wa miezi saba hivi alipofika, kilo kama tano, na jina lake ni Simba. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Nyanya alimtazama kwa muda akauliza kama hicho ni mbwa au ni kofia. Kisha akasema hakuna esese atakayelala ndani ya nyumba yake akiwa hai, na kwa sauti ile hakuna mtu wa boma letu angemjibu. Kwa hiyo Simba akaja kwenye esaiga yangu, nyumba ya kijana kama desturi ilivyo, mabati juu na sakafu ya saruji isiyopakwa rangi chini. Mimi muda ninao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na kazi yangu ya kuandika naifanyia kwenye simu. Watu hudhani aliyeacha chuo hana cha kumfundisha mtu. Simba hakuuliza cheti.

Ujuzi wenyewe si siri, na wala si mgumu. Ugumu wake ni kwamba unachosha. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni kuhesabu umri wa mbwa kwa miezi na kuongeza moja: wa miezi miwili anaweza kuvumilia masaa matatu mchana, wa mitatu masaa manne. Huo ndio mwisho wa uwezo wake, si ratiba, na kwa mbwa mdogo wa umbo ni busara kupunguza. Simba nilikuwa nikimtoa kila baada ya masaa mawili, na juu ya hayo kila alipoamka, kila alipomaliza kula, kila alipomaliza kucheza, na mara ya mwisho kabla ya kulala. Chakula anapewa kwa saa maalumu na sahani inaondolewa. Mbwa anayekula siku nzima hujisaidia siku nzima, na wewe huwezi kukisia ni lini. Anayekula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, baada ya wiki moja utajua dakika zake kama unavyojua dakika za matatu ya mwisho.

Mahali ni pale pale, neno ni lile lile. Letu ni "maliza." Akimaliza, malipo yanatolewa hapo hapo, ndani ya sekunde mbili, yeye akiwa bado amesimama kwenye nyasi. Mimi nilitumia omena, iliyochemshwa na kumwagwa maji ya chumvi. Hapa watu wengi huharibu. Wanasubiri mbwa arudi ndani ndipo wampe zawadi jikoni, kisha wanashangaa kwa nini mbwa anatoka nje mbio, anageuka, na kurudi jikoni bila kufanya lolote. Amejifunza vizuri sana. Amejifunza kwamba kuingia jikoni kunalipa.

Akiwa ndani, mbwa asiyejua choo hapewi uhuru wa nyumba nzima. Ama yuko mbele ya macho yako, ama amefungwa kamba uliyoizungusha kiunoni mwako na anakufuata huku ukiosha vyombo, ama yuko kwenye kikasha chake. Kikasha kiwe cha kumtosha asimame, ageuke, ajinyooshe, basi. Kikiwa kikubwa kama godauni atalala upande mmoja na kukojoa upande mwingine, maana mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala. Na usimfungie humo kushinda uwezo wa kibofu chake ukaenda kazini siku nzima. Ukifanya hivyo unamzoesha kulala kwenye mkojo, na aliyezoea hivyo ndiye mgumu kuliko wote. Wapo wanaonunuliwa tayari wakiwa hivyo kwa sababu walikulia kwenye vizimba vichafu, hao wanahitaji subira mara mbili.

Halafu kuna mvua. Vitabu vingi vya kufundisha mbwa naona vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuishi Kisii. Msimu ukifika, mbingu inafunguka mchana karibu kila siku, na si manyunyu. Mbwa ambaye tumbo lake liko vidole vichache tu kutoka ardhini anatazama nyasi zilizolowa, anakutazama wewe, na anakaa. Watu wakiona hivyo wanasema: unaona? Mkaidi! Wewe ungekubali kwenda choo kisicho na paa, miguu mitupu, maji yakikufika kifuani? Nyuma ya esaiga kuna paa la kuwekea kuni. Nilisogeza kuni upande mmoja, nikatandaza udongo na nyasi kavu, na tukawa na choo cha mvua. Mwanzoni nilimpeleka kwa mwavuli, tunasimama, hakuna mchezo, hakuna mazungumzo. Asipofanya kitu kwa dakika tano tunarudi, anakaa kwenye kikasha dakika kumi, tunatoka tena. Majirani walioniona nikimshikia mbwa mwavuli wana la kusimulia mpaka Krismasi, na wasimulie.

Wiki ya kwanza alikojoa ndani mara ambazo niliacha kuhesabu. Wiki ya nne ilikuwa mara mbili, zote usiku wa radi. Kwa mbwa wa umbo lile watu hungoja miezi minne, sita, hata mwaka mzima ndipo waseme amefuzu kabisa, kwa hiyo sijatangaza ushindi.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hasira. Kumshika mbwa shingo na kumsugua pua kwenye mkojo wake. Ni kama kila mtu alifundishwa hivyo na mjomba wake, na mjomba naye na mjomba wake. "Anajua alichokosea, tazama macho yake!" Hapana, hajui. Mwaka 2009, mtafiti Alexandra Horowitz wa chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hili kwa mbwa 14 na wenyewe. Mbwa aliachwa na kitu kitamu alichokatazwa kula, mwenyewe akatoka nje, na aliporudi wakati mwingine aliambiwa ukweli na wakati mwingine alidanganywa kuhusu kilichotokea. Ile sura ya hatia, masikio chini, macho pembeni, mkia katikati ya miguu, haikufuata kosa la mbwa. Ilifuata makaripio ya mwenyewe. Hata mbwa ambaye hakuwa amegusa kitu aliivaa alipofokewa, na tena kwa wingi zaidi. Kwa maneno mengine, mbwa hakuambii "samahani." Anakuambia "naogopa, tulia."

Fikiria basi mbwa anachojifunza ukimpiga dakika kumi baada ya kukojoa. Kwake kukojoa kulikwisha zamani. Anachokiona ni kwamba wewe ukiwepo na mkojo ukiwepo, kuna kipigo. Kwa hiyo anafanya jambo la akili sana: anaanza kukojoa mahali usipo. Nyuma ya kochi. Chini ya kitanda. Na ukimtoa nje ukiwa umesimama karibu, anabana, maana ameshajua kukojoa mbele yako ni hatari. Mnarudi ndani, unageuka kidogo, tayari. Ukaidi huo umeutengeneza kwa mikono yako. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja akatize, mbebe nje, akimalizia huko mlipe. Ukikuta dimbwi limeshapoa, chukua tambara ufute, ugomvi huo umeshapitwa na wakati. Na tukumbuke kwamba kumpiga mnyama kikatili ni kosa kwa sheria za Kenya, Sura ya 360, hata kama mnyama ni wako na nyumba ni yako.

Kufuta nako kuna namna. Pua ya mbwa inasoma sakafu kama sisi tunavyosoma mabango, na palipobaki harufu ya mkojo pameandikwa "choo." Saruji isiyopakwa rangi hunywa mkojo, kwa hiyo kupangusa juu juu hakusaidii. Kausha kwanza, mwaga siki iliyochanganywa na maji, iache ikae, kisha suuza. Usitumie sabuni zenye amonia, harufu yake inakaribiana na ya mkojo wenyewe, ni kama unaandika bango upya. Na Jik usiimwage juu ya mkojo mbichi wala usiichanganye na siki, moshi wake unaweza kukudhuru mapafu ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha la maana.

Wa ghorofa ya nne wataniambia: wewe una nyasi, sisi tuna ngazi na keateka mwenye kinyongo. Ni kweli. Mbwa mdogo anaweza kufundishwa kutumia trei yenye udongo na nyasi kwenye roshani, au magazeti ya zamani bafuni (sisi tunaoandika mtandaoni hatufai kwa kazi hiyo). Lakini amua moja. Leo gazeti, kesho ngazi, keshokutwa zulia la bafuni kwa sababu umechelewa kazini, halafu unamdai mbwa awe na msimamo ambao wewe huna.

Kuna wanaoshikilia kwamba mbwa wadogo kweli ni wagumu, si hadithi tu. Nakubali nusu. Kibofu ni kidogo na anahitaji kutoka mara nyingi zaidi. Ila nusu nyingine ni yetu. Mbwa wa kilo 40 akikojoa sebuleni ni mafuriko, familia nzima inaitisha mkutano na kesho yake mafunzo yanaanza. Wa kilo tatu akikojoa ni kijiko, unafuta kwa soksi na kuendelea na simu. Unafuta kwa soksi miezi sita. Halafu siku landilodi anapopiga simu ndipo unagundua una mbwa mtu mzima ambaye hakuwahi kufundishwa. Tena hawa tunawabeba mikononi kama mikoba, miguu yao haikanyagi nyasi, kisha tunashangaa wakiona nyasi kama bahari.

Na si kila mkojo ni suala la mafunzo. Anayetiririsha kidogo ukimwinamia kumsalimu anakuonyesha unyenyekevu, ukimfokea ataongeza. Chuchumaa, msalimu kwa upole, geuza uso pembeni, wengi huacha wakikua. Dume linaloinua mguu kwenye kila pembe ya kiti linatia alama, na kuhasiwa mara nyingi husaidia. Mbwa aliyekuwa msafi miaka mitatu akianza ghafla kukojoa ndani apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo jingine lolote, maana kibofu kinaweza kuwa kinauma, au ni kisukari, maana mbwa nao huugua kisukari.

Nyanya ana pingamizi lake, na ndilo zito kuliko yote niliyoyasikia. Anasema kuna watoto kwenye kijiji hiki wanaoenda shule bila kula, na mimi nampa mbwa samaki mkononi ili akojoe. Sina jibu la kumshinda. Ninalomwambia ni kwamba Simba hakuomba kuja. Mtu mzima alimnunua kwa hiari yake, na mnyama aliyekwisha kununuliwa hawezi kurudishwa dukani kama viatu. Tulipokuwa tukibishana juu ya mbwa wa kizungu na mbwa wetu, nilimweleza pia habari za basenji, mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka kama wengine, ambaye Waingereza walimchukua kutoka huko miaka ya 1930 na sasa anauzwa kwa bei kubwa akiwa na jina ambalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Nyanya alisema anayenunua mshenzi kwa bei kubwa ndiye mwenyewe.

Lakini kwa Nyanya ni mzaha hadi tunapofika kwenye kichaa cha mbwa. Huko hatanii, na mimi pia sitanii. Kijibwa kinachotupwa ushago kwa kosa la mkojo mara nyingi kinakuja bila chanjo, na kinakuja mahali ambapo mbwa hutembea, hupigana na kuumwa. Hiki ni kijibwa ambacho watoto wote wa boma wanataka kukibeba. Kikiumwa na mbwa mgonjwa huko kwenye chai, hakuna atakayejua mpaka kiume mtoto. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kila mmoja anayeshushwa Kisii kwenye katoni bila chanjo anavuta hesabu hiyo chini. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, si baada ya kuona kama mbwa atakufa.

Simba alichanjwa wiki yake ya pili hapa. Siku ile Nyanya ndiye aliyeniuliza mara tatu kama nimeenda.

Sasa binamu ameanza kutuma jumbe. Ameona video za Simba akikimbia mlangoni na kusimama akingoja kufunguliwa, na anamtaka arudi Nairobi Desemba. Nimemwuliza swali moja tu: saa sita mchana nani atakuwa nyumbani? Alikaa siku mbili ndipo akajibu kwamba kuna mama anayeuza mandazi chini ya ngazi za ploti yao, na anaweza kumtoa mara mbili kwa siku kwa shilingi 50. Nikamwambia azungumze naye vizuri, amlipe wiki ya kwanza kabla, amwonyeshe mahali penyewe, na amfundishe lile neno. Mama akikubali, nitamtia Simba kwenye katoni mimi mwenyewe, na cheti chake cha chanjo juu.